Jinsi ninavyopima loki za visu vya kukunja kabla havijapanda mlimani

Ukikata kitunguu kwa kisu cha kukunja, loki yake haifanyi kazi yoyote. Mkono unausukuma ubapa kuelekea upande wa kufunguka, na kinachoubeba ni pini ya kuzuilia iliyo ndani ya mpini. Loki inaingia kazini pale ncha inaponasa mahali, au unapotoboa kitu na mkono ukateleza mbele. Hapo ubapa unataka kurudi ndani ya mpini, na vidole vyako vinne viko njiani. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia kisu kibovu mwaka mzima na asijue kuwa ni kibovu.

Mimi ni kiongozi wa watalii Mlima Kilimanjaro. Visu hivi vinatufikia kwa njia mbili. Wageni wanaviacha mwisho wa safari pamoja na makoti na fimbo za kutembelea, na vingine vijana wanavinunua hapa Moshi, soko la Memorial, kwenye mafungu ya vifaa vya kambi. Karibu kila mpagazi ana chake mfukoni, cha kukatia kamba za hema, kufungulia mifuko, kutobolea mkanda. Mpishi ana visu vyake vya jikoni visivyokunjwa, hivyo sina neno navyo. Shida ni hivi vya mfukoni.

Msimu mmoja, kambi ya Karanga, kijana wa jikoni alikuwa anatoboa dumu tupu la plastiki ili tupate chombo cha kunawia. Ncha iliingia, ikanasa, akasukuma tena. Loki ikaachia kimyakimya. Kisu kilimkata vidole viwili, na kimoja kilikatwa mpaka kwenye kano. Tulimfunga vizuri, akateremshwa usiku uleule. Mkono ulipona, lakini kidole kile hakikunji sawasawa mpaka leo.

Nilikiokota kisu nikakikagua kwa tochi. Ukikifungua kinalia ta, kinasimama wima, ukikitikisa hakichezi. Mtu yeyote angeapa kuwa ni kizima, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kama macho na masikio hayatoshi kutambua loki inayoachia, basi vijana wangu wote walikuwa wanatembea na kitu wasichokijua. Nikaamua kwamba katika kundi langu hakuna kisu cha kukunja kitakachopita geti bila mimi kukipima kwanza.

Aliyenifungua macho ni mgeni mmoja ambaye kwao kazi yake ni kutengeneza visu. Jioni moja baada ya chakula nilimwekea mezani visu vyote vya vijana, pamoja na kile cha Karanga. Cha kwanza alichonieleza ni kwamba nguvu ya loki na uaminifu wake ni mambo mawili tofauti. Nguvu ni uzito gani utaivunja. Uaminifu ni kama itakamata kila mara, ikiwa kavu au imelowa, mkono ukiwa na glavu au bila glavu. Mkono wa mtu mara chache sana unaweza kuvunja chuma cha loki. Zinazoumiza watu ni loki ambazo hazikuvunjika kabisa: ziliteleza tu. Tangu hapo mimi napima uaminifu kwanza, na nguvu baadaye.

Kabla ya kupima lazima ujue umeshika aina gani. Visu vingi vyekundu vya Victorinox, vile vya milimita 91, havina loki kabisa. Ubapa unashikiliwa na springi ya mgongoni tu, na mlio wake unawadanganya wengi. Si kosa la kisu, kimetengenezwa hivyo tangu kile cha maofisa cha mwaka 1897. Mwenye nacho namwambia waziwazi: kaka, hiki ni cha kukatia, usitoboe nacho.

Kuna Opinel ya Wafaransa, ya mpini wa mti, inayotengenezwa Savoie tangu 1890. Mwaka 1955 ikaongezwa pete ya chuma shingoni. Unaizungusha, mwanya unafungika, na ubapa hauna pa kurudia. Naipenda loki hii kwa sababu unaiona kwa macho kama imefungwa au haijafungwa. Udhaifu wake ni mtu mwenyewe: asipozungusha pete, hana loki. Na mvua ikinyesha mti unavimba, kisu kinakuwa kigumu kufunguka, kijana anakilazimisha kwa meno. Nimewakataza hilo.

Halafu kuna loki ya mgongoni, ile iliyopata umaarufu duniani kupitia Buck 110 ya mwaka 1964. Kipande cha chuma kilicho mgongoni mwa mpini kina jino linalodondokea kwenye pengo lililochongwa kwenye shina la ubapa, yaani kitako chake kinachokaa ndani ya mpini. Na kuna loki ya bamba, ambayo Mmarekani Michael Walker aliiboresha mwanzoni mwa miaka ya 1980: bamba jembamba la ndani ya mpini linaruka pembeni na kukaa nyuma ya shina la ubapa, likiuzuia usirudi. Visu vingi vya bei nafuu vinavyouzwa sokoni ni vya aina hii, na kile cha Karanga kilikuwa hivyohivyo.

Loki ya bamba nitaieleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayohitaji macho zaidi. Nyuma ya shina la ubapa, pale bamba linapokaa, hapako wima. Pana mwinamo mdogo, kwa kawaida nyuzi 7 hadi 10 hivi. Mwinamo huo unafanya bamba lijikaze kama kabari. Ukizidi, ubapa ukisukumwa unaliteremsha bamba pembeni na kisu kinafunga. Fundi aliyechonga haraka anaweza kukosea hapo, na kwa macho huoni kitu.

Yule mgeni alichukua maka peni, akapaka wino mweusi nyuma ya shina la ubapa la kisu cha Karanga. Akakifungua na kukifunga mara kadhaa, kisha akanipa kioo cha kukuzia. Wino ulikuwa umekwanguka kwenye mstari mwembamba tu, ukingoni kabisa, pale kona ilipolainika kwa kulika. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyeusi vilevile. Maana yake bamba lote lilikuwa limening'inia kwenye ukingo ulioviringika. Tukapaka wino kingine kilichokuwa pembeni, cha mpagazi mzee. Chenyewe kilikwanguka doa pana lililoingia ndani mpaka robo ya upana wa shina. Visu viwili vya mlio uleule, vya bei karibu sawa. Kimoja kinaaminika, kingine hapana. Sijawahi kuonyeshwa kipimo rahisi kuliko hicho, na maka peni sasa inakaa kwenye begi langu la dawa.

Ninachotaka kuona ni bamba lililoingia kiasi cha robo mpaka nusu ya shina. Likiishia ukingoni, kisu hakipandi. Likiwa limevuka mpaka limegusa upande wa pili, limeshalika, na muda si mrefu ubapa utaanza kuchezacheza. Nakifungua polepole, kisha kwa kasi, nalinganisha bamba linapoishia. Kama polepole linaishia ukingoni na kwa kasi linaingia ndani, nakikataa, maana saa kumi usiku mtu aliyevaa glavu nene hakifungui kisu kwa kasi.

Baada ya wino nakuja kwenye kusukuma. Nakishika mpini ubavuni kwa kiganja na ncha za vidole, hakuna kidole kinachokaa kwenye njia ya makali. Mgongo wa ubapa nauegemeza kwenye ukingo wa meza ya mbao, nakandamiza kidogokidogo. Huku nimeliangalia bamba: likisogea hata kidogo kuelekea ukingoni, nimeshapata jibu. Kisha nagonga mgongo huohuo juu ya mbao, kwa kifundo cha mkono tu.

Hapa nina msimamo ambao vijana wengine hawaupendi. Wameona video za watu wanaopiga mgongo wa kisu kwenye chuma kwa nguvu zote, nao wanataka kufanya vivyo hivyo. Mimi sikubali. Loki yenye mwinamo mbaya itaachia kwa kugongwa kidogo tu, haihitaji kipigo. Ukipiga kwa nguvu unaponda chuma laini cha bamba, na kisu kilichokuja kizima kinaondoka kibovu, tena ubovu usioonekana.

Loki ya mgongoni naipima tofauti. Kwanza naangalia kama kile kipande cha mgongoni, kisu kikiwa wazi, kimelingana na mpini. Kikisimama juu hata kwa unene wa ukucha, jino halijashuka mpaka chini. Mara nyingi sababu ni uchafu: nyuzi za mfukoni, unga, sukari ya tikiti iliyokauka. Nachokonoa pengo kwa kijiti, nasafisha, napima tena. Kuchezacheza kidogo juu na chini ni kawaida kwa aina hii na hakunitishi, mradi jino linashuka lote. Kinachonitisha ni kitufe cha kufungulia kilicho katikati ya mpini, mahali kiganja kinapokandamiza. Nampa kijana kisu, namwambia akibane kama anavyobana kamba ya hema yenye barafu, ubapa ukiangalia chini. Kitufe kikizama, hakifai kwa mkono wake, hata kama kwa mkono wangu kinafaa.

Loki ya bamba nayo ina jaribio lake la mkono: kuchomeka ncha kidogo kwenye mbao laini na kukisokota kisu huku umekibana. Kwenye mipini inayopinda, bamba linasogea kuelekea upande wa kuachia. Aina iliyotokana nayo, ambayo ubavu mzima wa mpini ndio loki, haina shida hiyo, kwani ukiubana mpini ndipo unazidi kuikaza. Hiyo iliwekwa na Chris Reeve wa Afrika Kusini kwenye kisu chake kiitwacho Sebenza. Nimekishika kimoja cha mgeni, cha titani, na ni kazi ya heshima kubwa, ila bei yake si ya mfuko wa mpagazi.

Aina nyingine tunayoipata mara mojamoja ni ile ya kampuni ya Benchmade ya mwishoni mwa miaka ya 1990, yenye kijiti cha chuma kinachokatiza mpini kutoka ubavu hadi ubavu na kushuka juu ya shina la ubapa. Inasukumwa na springi mbili nyembamba. Springi hizo zinaweza kukatika, lakini ikibaki moja loki bado inakamata. Hivyo natazama kama kijiti kinarudi sawasawa pande zote mbili. Kikienda mshazari, moja imeshakatika.

Yote hayo nayafanya mjini. Mlima una mitihani yake. Ukianzia Shira kwenda juu, vumbi la volkano ni laini kama poda na linaingia kila mahali. Kwenye kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, baridi ya usiku inaigandisha grisi mpaka bamba linasogea kwa uvivu. Kwa hiyo hakuna grisi. Tunaosha kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, tunakausha, tunatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye skrubu ya katikati, basi. Pale loki inapogusana na shina la ubapa pasiwe na mafuta, kwa kuwa mafuta yanasaidia kuteleza, na kuteleza ndiko tunakokukimbia. Skrubu ya katikati nayo tunaikaza kiasi tu. Ikilegea ubapa unakwenda kando, na bamba halilali tena pale wino ulipoonyesha.

Kijana anajifunza pia kuangalia kila anapofungua. Glavu inaua hisia za kidole, upepo unaua mlio. Nawaambia: fungua, geuza, tazama, ndipo utumie. Na kutoboa tumekuondoa kabisa kwenye visu vya kukunja, hata vile vilivyofaulu. Jikoni tunabeba sindano ya magunia na bisibisi kwa kazi hiyo. Mpishi alilalamika kwanza juu ya uzito, maana mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na unapimwa getini, lakini bisibisi fupi haijawahi kumzidishia mtu kilo.

Chuma kinalika, kwa hiyo kufaulu mara moja hakutoshi. Mvua za masika zikianza na safari zikipungua, tunarudia wino kwa kila kisu, nami naandika kwenye daftari bamba limefika wapi. Kuna vilivyotoka robo vikafika nusu, bado vizima. Kuna kimoja kilikimbia mpaka upande wa pili ndani ya msimu mmoja, chuma chake kilikuwa laini mno.

Vinavyokataliwa havirudi sokoni, maana atakayevinunua naye ana vidole. Navipeleka kwa fundi wa vyuma huku Majengo. Anavifungua ubapa, anatoboa mpini na shina, anapiga ribiti mbili, na kisu hakikunji tena. Fundi viatu wa jirani yake anakishonea ala ya ngozi. Gharama yake ni ndogo kuliko kununua kingine, na vijana wameanza kuviomba hivyo wenyewe, hata wale ambao visu vyao vimefaulu.