Sarafu tatu kwa kaseti ya baba

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa matatu nikitoka Kiamunyi kwenda tao, iafoni masikioni, na wimbo mmoja ukarudi mara ya tatu kabla hata hatujafika steji. Sikuuchagua, simu imeshanizoea, inajua nitautaka. Ni wimbo wa injili, mzuri tu, kinanda na kwaya nyuma, mwimbaji anasema Mungu atamwinua na waliomcheka watakuja kumpigia makofi. Hapo ndio nikafungua orodha ya nyimbo nilizoskiza sana mwaka huu, nikashtuka, juu karibu zote zinasema kitu kimoja. Adui ameaibika. Meza imeandaliwa, watesi wanatazama. Mimi niko juu, wao wako chini.

Na kila usiku nikipiga magoti naomba subira. Naomba moyo wa kusamehe. Hayo ndio maombi yangu, nayasema kwa sauti na nayamaanisha, halafu asubuhi kwa matatu naomba kitu kingine kabisa.

Najua ilianzia wapi. 2021 niliachishwa kazi mahali fulani hapa Nakuru, mbele ya vijana niliowafunza kazi mimi mwenyewe, na mkubwa wangu akasoma jina langu kwa karatasi akalikosea. Miaka sita nimemfanyia kazi na hajui kulitamka. Hicho kitu kilinichoma kuliko hata mshahara kukatika. Miezi iliyofuata nikifua, nikipika, nikipiga deki, ni nyimbo za ushindi tu, na kila nikiimba neno adui uso uliokuja ulikuwa mmoja. Zaburi ya 23 nimeijua tangu nikiwa mdogo, lakini siku hizo nilikuwa naruka malisho ya majani mabichi, naruka maji ya utulivu, nakimbilia pale pa "waandaa meza mbele yangu, machoni pa watesi wangu". Chakula chenyewe sikukiwaza. Nilitaka hayo macho.

Sisemi nyimbo hizo ni mbaya. Mtu aliyedharauliwa lazima apate mahali pa kulilia, na wengi wetu tumelilia hapo. Ninachosema ni kwamba wimbo unaourudia bila kujua unakuwa umeshasema haja yako kabla wewe hujaisema, na mara nyingine ile haja yenyewe iko chini zaidi ya maneno ya wimbo. Hii nimeijua kupitia baba.

Kwetu Kisumu Jumapili ilikuwa na nyimbo za aina mbili. Mama anatoka asubuhi na kitabu chake cha nyimbo kimefungwa kwa leso, na baba anatoka vilevile lakini anaelekea Kibuye, juu Jumapili ndio siku soko la Kibuye linafurika mpaka barabarani na fundi wa redio hawezi kufunga siku ambayo watu wameshuka kutoka mashambani na redio zao kwa mifuko ya nailoni. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, meza moja iliyoungua-ungua, mkebe wa skrubu, na ile chuma ya solda ambayo ikigusa waya inatoa moshi mwembamba wa buluu. Mpaka leo nikinusa solda naona ni kama baba ameingia. Na akimaliza kutengeneza redio lazima aijaribu, na kwa kuijaribu alikuwa na kitu kimoja tu, benga.

Kama hujakaa karibu na spika inayopiga benga ni ngumu kukueleza. Besi inaongea kama mtu mzima, gitaa mbili zinajibizana haraka haraka, mwimbaji anasema yake halafu ananyamaza na gitaa zinachukua, hapo ndio mtu anaacha alichokuwa anafanya. Wazee wanasema vidole vya benga vilijifunzia kwa nyatiti, ile ala yetu Wajaluo ya nyuzi nane, mpigaji ameketi kwa kigoda kifupi, njuga mguuni na pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu inagonga mbao ya ala. Ukiskiza vizuri kweli unaiskia hiyo nyatiti ndani ya gitaa. Baba alimpenda sana D.O. Misiani, yule aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na benga yake ikavuka mipaka, na vile Misiani alikufa kwa ajali ya barabarani huko Kisumu, Mei 2006, baba alifunga kibanda siku mbili. Hakuwahi kukifunga hata Pasaka.

Mama aliziita nyimbo za dunia. Kanisani walisema hivyohivyo, na mimi nilivyookoka nikiwa kidato cha pili nikamwendea baba kibandani, na sare yangu ya shule, nikamwambia hizo nyimbo zitampeleka pabaya. Hakunijibu. Alinyoosha mkono akapunguza sauti, hakuzima, akaendelea na waya zake. Nimekumbuka huo mkono mara nyingi.

Baadaye sana nikaja kusoma kwamba hata Augustino, yule askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alihangaika na jambo hili. Alibatizwa Milan mwaka wa 387 na anasimulia vile alilia akiskia nyimbo za kanisa, lakini hapohapo anakiri kwamba zikifika siku ambazo sauti imemgusa kuliko maneno yanayoimbwa, anajiona ametenda dhambi, na ni afadhali asingemskia huyo mwimbaji. Namheshimu kwa kusema hivyo wazi. Alikuwa anaogopa sauti. Mimi kilichonishika ni maneno yenyewe, na maneno yalikuwa ya Biblia, kwa hivyo sikuogopa chochote.

Kitu kingine cha baba ambacho sikukielewa. Jumapili mchana watu wa makanisa ya Roho walikuwa wanapita na kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu, bendera mbele, ngoma, kina mama wanaimba mpaka sauti zimekauka, na watu wa kanisa letu walikuwa wanawaangalia kama watu wa kelele. Wakipita, baba anazima redio. Anazima kabisa, anatoka, anasimama mlangoni na chuma ya solda mkononi mpaka ngoma zipotelee mbali. Kisha anarudi, anawasha benga, na hasemi kitu. Sisi tuliamini huyu mzee hana dini.

Alituacha 2019. Desemba iliyopita nikaenda nyumbani na redio ya kaseti niliyonunua hapa mtumba, juu mama alikuwa na katoni ya kaseti zake chini ya kitanda na hakuna mtu alikuwa amezigusa. Nyingi ni benga, zina maandishi yake. Moja haikuwa na maandishi yoyote, utepe umelegea umetoka nje, nikauzungusha polepole na kalamu ya Bic mpaka ukakaza.

Haikuwa benga. Ilikuwa nyatiti, usiku, matanga mahali fulani upande wa Siaya, unaskia mbwa, unaskia watoto, mtu anacheka mbali, na ile pete ya mguu inagonga tu. Kisha ikafika pakruok. Kwa wasioijua, pakruok ni pale mtu anamsimamisha mpigaji katikati ya wimbo, anatoa pesa, na anapewa nafasi ya kujisifu na kuwasifu anaowapenda, kwa mafumbo, kwa majina ya sifa, ni mtoto wa wapi, ameoa wapi, rafiki yake ni nani. Akimaliza nyuzi zinaendelea, na mpigaji mara nyingi anayabeba yale maneno ndani ya wimbo. Wanaume pale walijisifu kwa ng'ombe, kwa watoto waliosoma, mmoja kwa baiskeli. Usiku mzima watu wanalipa ili majina yao yaskike.

Halafu sauti ya baba. Kijana kabisa, nyembamba, sikuijua mpaka alipokohoa. Sarafu zikalia kwa sahani. Akasema kwa Kijaluo, nakuwekea kwa Kiswahili vile ninavyoweza: mimi ndiye mume wa nyar Seme, mimi siombi, nyar Seme anaomba ya watu wawili. Nyar Seme ni binti wa Seme, yaani mama.

Ni hayo tu. Hakujitaja jina, hakutaja kazi yake, hakutaja sisi. Watu wakashangilia, mpigaji akarudia "nyar Seme, nyar Seme" akaenda nayo.

Nilikaa hapo sakafuni na kalamu mkononi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimedhani nataka kulipiza, kumbe zile nyimbo zangu zote za meza na maadui, ukitoa maadui, kilichobaki ni mtu anataka jina lake litajwe vizuri mbele ya watu na mtu anayelijua. Ndio maana nilikuwa nazirudia na hazikuwa zinanishibisha. Mimi nimesoma Isaya 43 mara ngapi, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu", nikapita. Na baba, ambaye nilimhukumu nikiwa na sare ya shule, alikuwa anaelewa hilo kabla sijazaliwa, akachukua nafasi aliyoilipia ataje mtu mwingine, tena amtaje kwa maombi yake. Huyo ndiye tuliyesema hana dini. Sasa nafikiria zile ngoma za Roho na yeye amesimama mlangoni, na sithubutu tena kusema alikuwa anaskiza nini, lakini alikuwa anaskiza.

Sijafuta nyimbo zangu, nyingine bado nazipenda. Ila sasa zikianza najiuliza leo naomba nini hapa, na kuna siku jibu linanifanya nizime mpaka tufike tao.

Mama alikuwa jikoni wakati kaseti ilikuwa inacheza. Nilidhani hakuskia. Akaja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akaniambia, "Nyathina, rudisha hapo." Nikarudisha. Akaskiza ameinamisha kichwa. "Rudisha tena." Mara ya tatu akainua kidole ninyamaze, na nilikuwa nimenyamaza, akawa anaskiza ile sehemu kabla ya maneno, sarafu zikianguka kwa sahani.

"Moja, mbili, tatu," akahesabu. "Na wiki hiyo aliniambia hana ya sukari."

Akavuta kiti akakaa, mwiko bado mkononi, na huko jikoni kitu kikaanza kuungua.

"Rudisha."