Tairi linajazwa upepo kila asubuhi, ukwato je?

Hapa Tabora, ukipita alfajiri penye maji utawakuta wenye mikokoteni wakibonyeza matairi, wakijaza upepo, wakikaza kamba. Miguu ya punda haitazamwi. Itatazamwa siku akianza kuchechemea, na siku hiyo kwanza ataongezewa fimbo. Jambo hili linaniuma sana.

Mimi ninao wawili, jike na dume, wanavuta maji na mahindi. Kila jioni nawashika miguu kabla hawajala. Unasimama ubavuni, uso umeelekea mkiani, unashusha mkono taratibu kutoka begani mpaka juu ya ukwato, unabana kidogo, naye ananyanyua mwenyewe. Mguu usiuvutie pembeni. Uweke chini ya mwili wake, la sivyo anayumba na kurusha teke. Halafu watu husema asante ya punda ni mateke! Mengi ya mateke hayo ni maumivu.

Nachokonoa uchafu kwa chuma butu kilichopindwa ncha, kutoka kisigino kwenda mbele, nikiikwepa ile sehemu ya katikati inayobonyea kama mpira. Jana, kwenye mfereji wa pembeni yake, jike alikuwa na utandu mweusi wenye unyevu, unanuka uozo. Hapo hakuna haja ya kubahatisha: ni kusimama kwenye kinyesi na tope. Vijidudu vya uozo huo hustawi pasipofika hewa, na tope likishaziba ukwato vimepata nyumba. Nikaosha, nikakausha kwa kitambaa mpaka ndani kabisa, nikapaka iodini.

Asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika. Ukwato wake umesimama wima kuliko wa farasi, na unanyonya maji upesi, kwa hiyo tangu Novemba mpaka Aprili mvua zetu zinaulainisha. Kiangazi shida inageuka. Kwenye mchanga ukwato unakua kuliko unavyosagika, ncha inarefuka mbele, kano za nyuma ya mguu zinavutika. Kila baada ya wiki 6 hadi 10 unahitaji kupunguzwa kwa tupa, kidogo kidogo, na fundi aliyezoea farasi asiulaze ufanane na wa farasi.

Mzee jirani aliniona nikihangaika akasema, "Mwanangu, unamdekeza. Wa porini anakatwa na nani?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, wa porini anatembea kutwa juu ya mawe, kwato zinajisaga. Huyu akishatua mzigo anafungwa kwenye tope mpaka asubuhi."

Chakula nacho kinashuka mpaka kwato. Punda akilundikiwa pumba na mahindi anaweza kuvimba ndani ya ukwato: ukigusa una joto, naye hataki kupiga hatua, anaegemea nyuma kukwepa uzito. Huyo hafungwi mkokoteni hata kwa safari fupi. Aitwe bwana mifugo siku hiyohiyo. Wangu wanashiba nyasi kavu.

Jumamosi namwaga changarawe bandani, pale wanaposimama usiku, na kinyesi kitazolewa asubuhi na jioni mpaka mvua ziishe. Mzee nimemwambia alete na wa kwake tuwakague pamoja, chuma na iodini vipo.