Nilivyojenga maktaba ya kusoma na kuandika faili za .o

Ukiipa kompaila ya C msimbo wako, kinachotoka kwanza si programu. Hutoka mafaili ya objekti, yale yanayoishia na .o kwenye Linux au .obj kwenye Windows, kisha linka huyaunganisha. Ndani ya faili hilo la katikati maelekezo ya prosesa yapo tayari, ila yana mashimo: pale ilipotakiwa anwani ya printf pamewekwa sifuri, na pembeni kuna orodha inayoiambia linka ijaze anwani ya jina fulani kwenye baiti fulani, kwa hesabu fulani. Maagizo hayo ya kujazia tunayaita rilokesheni. Sehemu (vipande vya msimbo na data), simboli (majina ya vitu vilivyomo au vinavyotafutwa kwingine), rilokesheni: ukivijua hivyo vitatu umelijua faili la objekti. Kilichobaki ni jinsi vinavyopangwa, na hapo ndipo nilipotumia muda wangu mwingi.

Mimi na wenzangu tulikuwa na kompaila ya lugha ndogo ya kuendeshea vidhibiti vya mashine. Ilikuwa inatoa maandishi ya asembli, yaani maelekezo ya prosesa kwa maneno, na asembla ya GNU inamalizia kwa kuyageuza kuwa faili la objekti. Sina neno baya juu ya njia hiyo. Ila tulitaka mtumiaji asakinishe kitu kimoja tu, asihangaike kutafuta asembla ya prosesa za ARM ya kuwekea Windows. Maana yake kompaila iandike yenyewe ELF, muundo wa mafaili ya objekti wa Linux, na COFF, ule wa Windows. Tulitaka pia zana ya kuchungulia mafaili yaliyotoka kwenye kompaila za watu wengine. Kusoma na kuandika kwa pamoja, basi, na kazi ikaniangukia mimi.

Maktaba, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingine, iliyo kongwe kwa kazi hii ni BFD, iliyo chini ya zana za GNU: linka ld, objdump ya kuchungulia mafaili, na GDB ya kutafutia makosa. Mwongozo wake unasimulia jina lilivyozaliwa: David Wallace alikuwa akizungumza na Richard Stallman, mwanzilishi wa GNU, Stallman akasema kazi itakuwa ngumu, Wallace akajibu kwa herufi hizo tatu, ambazo kwa Kimarekani si maneno ya adabu. Mwongozo unaongeza kwamba Stallman alikuwa sahihi, ila jina likaganda. Kilichonifaa zaidi kwenye mwongozo huo ni sura inayozungumzia taarifa zinazopotea. BFD hugeuza kila muundo kuwa umbo moja la ndani, na waandishi wake wanasema wazi kwamba umbo hilo halibebi kila kitu kilichomo kwenye faili la asili. Ukisoma kwa muundo mmoja na kuandika kwa mwingine, kuna vitu vinabaki njiani.

LLVM, mradi mwingine wa zana za kujengea kompaila, imefuata njia nyingine. Kuna msimbo wake wa kusoma mafaili ya objekti, na msimbo wa kuyaandika uko kwingine kabisa, ndani ya sehemu inayotoa asembli. Hata zana yake ya kunakili na kupunguza mafaili, llvm-objcopy, ina umbo lake la tatu. Mtu akitazama harakaharaka ataona watu wamerudia kazi. Mimi niliona kwamba wamekubali jambo ambalo maktaba nyingi hukataa kulikubali: kusoma na kuandika si kazi moja iliyogeuzwa. Anayesoma hupewa faili lililokwisha kupangwa, na wajibu wake ni kutoliamini. Anayeandika hana faili. Ana nia tu, na mpangilio bado haujakuwapo. Ukiwalazimisha watumie umbo moja, mmoja wao atateseka.

Nikagawa maktaba ngazi tatu. Ya chini kabisa ni ya baiti: kila muundo na maumbo yake, bila kujaribu kuyafananisha. Juu yake kuna dirisha la pamoja la kusomea tu. Pembeni, bila kupitia dirisha hilo, yuko mjenzi, ndiye wa kuandika.

Ngazi ya chini ndiyo inayohitaji uvumilivu. Faili la ELF huanza na baiti 0x7f na herufi E, L, F. Baiti ya tano inasema ni biti 32 au 64, ya sita inasema mpangilio wa baiti, ndogo mbele au kubwa mbele. Hadi hapo ni raha. Kisha unakuta kwamba simboli ya biti 64 si ile ya biti 32 iliyonenepeshwa: ile ya 32 ina baiti 16 na huweka anwani na ukubwa mara baada ya jina, ile ya 64 ina baiti 24 na huvisukuma mwisho. COFF haina hata alama ya utambulisho; huanza moja kwa moja na namba ya aina ya prosesa, 0x8664 kwa prosesa za x86-64, na simboli zake ni baiti 18 kila moja, namba isiyogawanyika kwa 4 wala 8.

Kwa sababu hiyo nilikataa mtindo wa kuchukua pointa ya faili na kuivisha strakti ya C, yaani kuzisoma baiti za faili moja kwa moja kama rekodi ya C iliyo tayari. Watu wengi hufanya hivyo na kwa kawaida inakwenda, mpaka ufungue mafaili ya .a, yaani mafurushi yanayobeba mafaili mengi ya objekti. Humo kila faili huanza kwenye nafasi inayogawanyika kwa 2 tu, kwa hiyo ELF ya biti 64 inaweza kukaa mahali pasipogawanyika kwa 8, na prosesa nyingine hazivumilii hilo. Kwetu kila namba husomwa baiti kwa baiti, na mpangilio hugeuzwa papo hapo mtu anapoiomba. Kompaila za leo zinazibana hizo baiti kuwa elekezo moja pale inapowezekana, kwa hiyo kasi haikuwa hoja.

Sheria ya pili ya ngazi hiyo: usitenge nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye faili kabla hujailinganisha na urefu wa faili. Sehemu inayodai kuwa na gigabaiti ndani ya faili la kilobaiti mbili ni uongo, isipokuwa ile ya .bss, ya data inayoanza na sifuri, ambayo kihalali hutangaza ukubwa bila kuchukua nafasi yoyote kwenye faili. Na unapojumlisha mwanzo na urefu, angalia jumla isivuke kikomo cha namba na kurudi kuwa ndogo. Niliiachia zana ya kulisha programu takataka ifanye kazi usiku kucha, na makosa iliyoyaokota kwenye nakala za mwanzo yalikuwa ya aina hiyo karibu yote.

Dirisha la pamoja ndilo lililoleta mjadala. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Kaka, kwani haya si yanafanana tu? Nipe orodha moja ya aina za rilokesheni, hizo tofauti nyingine zifunike." Ombi lenye akili, kwa sababu mtumiaji wa kawaida hataki kujua habari za COFF. Lakini chukua mwito wa kawaida wa fomula (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina) kwenye x86-64. ELF huhesabu umbali kuanzia pale shimo la baiti 4 linapoanza, wakati prosesa huhesabu kuanzia linapoishia, hivyo kompaila inaweka nyongeza ya -4 kwenye rilokesheni. COFF, kwa rilokesheni inayofanya kazi ileile, huhesabu tangu mwanzo kutoka pale shimo linapoishia, kwa hiyo nyongeza ni 0. Zaidi ya hapo, ELF ya x86-64 huandika nyongeza ndani ya rilokesheni yenyewe, na COFF huificha ndani ya lile shimo. Ukizipa jina moja na kufunika tofauti, mtu atanakili nyongeza kutoka huku kwenda kule, na programu yake itaruka baiti nne pembeni bila onyo lolote.

Tukakubaliana hivi: dirisha linatoa jina la simboli, mahali, na aina ya asili kama ilivyo kwenye faili. Anayetaka tafsiri ya pamoja anaita fomula tofauti, inayorudisha hesabu kamili pamoja na nyongeza iliyokwisha kusawazishwa, au inasema haiijui aina hiyo. Hakuna kubahatisha. Na kutoka kwenye kila kitu cha dirishani kuna mlango wa kushukia ngazi ya baiti, kwa wenye haja.

Sasa kuandika. Hapa tatizo kubwa ni namba za nafasi. Rilokesheni inaitaja simboli kwa namba yake kwenye jedwali, simboli inaitaja sehemu kwa namba yake, sehemu inataja jina lake kwa umbali ndani ya jedwali la majina. Na namba hizo huzijui mpaka mwisho. ELF inadai simboli za ndani, zinazotumika ndani ya faili hilo tu, zitangulie zote, za nje zifuate, na kichwa cha jedwali kitaje namba ya simboli ya kwanza isiyo ya ndani. Ni kama kupanga viti vya harusi: huwezi kubandika namba kabla hujajua ndugu wa karibu ni wangapi. COFF ina kituko chake: simboli moja inaweza kufuatwa na rekodi za ziada, na kila rekodi ya ziada inakula namba ya simboli. Simboli ya kumi unayoiona wewe inaweza kuwa namba 17 kwenye faili.

Kwa hiyo mjenzi hampi mtumiaji namba ya faili hata siku moja. Ukiongeza simboli unapewa kishikio, aina yake ya pekee, usiyoweza kuichanganya na kishikio cha sehemu kwa sababu kompaila itakukatalia. Rilokesheni hutaja kishikio. Ukiita amri ya kuandika, ndipo mjenzi anapopita mara ya kwanza kupanga: anatenga za ndani na za nje, anahesabu rekodi za ziada, anajenga majedwali ya majina, anaweka kila sehemu kwenye nafasi inayogawanyika inavyotakiwa. Mara ya pili anaandika baiti, na kwenye mzunguko huo hafanyi uamuzi wowote. Utengano huu wa kupanga na kuandika ndio ulionirahisishia maisha kuliko kitu kingine chochote nilichofanya humo. Faili likitoka vibaya, najua kosa liko upande upi.

Majina nayo yana vituko vyake. COFF hubeba jina la herufi zisizozidi 8 ndani ya rekodi. Likizidi, linakwenda kwenye jedwali. Kwa simboli, dalili ni baiti nne za sifuri zikifuatwa na umbali. Kwa sehemu, ni alama ya mkwaju ikifuatwa na umbali ulioandikwa kwa tarakimu za desimali, kwa maandishi. Ndani ya muundo uleule! Jedwali lenyewe huanza na baiti nne za urefu wake, na baiti hizo nne zimo kwenye hesabu ya urefu. ELF ni nyepesi zaidi: baiti ya kwanza ni sifuri, basi, na jina linaloishia kama jingine linaweza kukaa ndani ya lile refu.

Kikomo cha idadi ya sehemu nilikishughulikia mapema, ingawa kompaila yetu haikikaribii. Kwenye ELF namba za sehemu kuanzia 0xff00 zimehifadhiwa kwa matumizi maalumu. Sehemu zikifika idadi hiyo, kichwa cha faili huandika sifuri, na idadi ya kweli hufichwa kwenye rekodi ya sehemu namba 0, mahali pa ukubwa. Kompaila za C++ zinazoweka kila fomula kwenye sehemu yake zinaweza kufika huko, na zana yetu ya kuchungulia ilitakiwa kusoma mafaili ya namna hiyo.

Swali jingine la usanifu lilikuwa kama maktaba iongeze vitu yenyewe kwa wema. Mfano ni sehemu tupu iitwayo .note.GNU-stack. Faili la x86 likiikosa, ld huchukulia kwamba programu inahitaji steki (kumbukumbu ya muda ya fomula) inayoweza kutekelezwa kama msimbo, na tangu toleo la 2.39 la binutils, furushi la zana za GNU lenye ld, la mwaka 2022, inatoa onyo. Ingekuwa rahisi kuiweka kila mara. Nikakataa: maktaba haijui msimbo wako unafanya nini, kompaila ndiyo inayojua. Mjenzi anaandika alichoambiwa, hatii chumvi. Kwa sababu hiyohiyo muda kwenye kichwa cha COFF ni sifuri mpaka mtu aombe vingine, ili msimbo uleule utoe baiti zilezile leo na kesho.

Mach-O, muundo wa mafaili ya objekti wa Apple, tunausoma tu, hatuuandiki. Majina ya sehemu ni mawili kwa kila moja, la segimenti na la sehemu, baiti 16 kila jina, na kwa ARM64 nyongeza ya rilokesheni huja kama rekodi yake peke yake inayotangulia. Mafaili yake ya prosesa nyingi huanza na 0xcafebabe, namba ileile ya mafaili ya klasi za Java, kwa hiyo anayetambua aina ya faili kwa baiti nne za mwanzo ajiandae.

Majaribio tuliyapanga kwa kutomwamini msomaji wetu mwenyewe. Mwandishi na msomaji waliotoka mkono mmoja wanaweza kukubaliana juu ya uongo. Kila faili tunaloandika linapitishwa kwa zana za kusomea za GNU na LLVM, readelf na llvm-readobj, linaunganishwa kwa ld na pia kwa lld, linka ya LLVM, kisha programu inaendeshwa. Ulinganisho wa baiti kwa baiti tunaufanya kwenye ngazi ya chini peke yake. Kwa mjenzi hauna maana, kwani nia moja ina mipangilio mingi iliyo halali.

Ilibaki kazi ya kuhariri: kusoma faili, kuondoa sehemu fulani, kuliandika upya. Hapo ndipo ngazi mbili zinapokutana, na ndipo vitu hupotea kimyakimya. Kinakili chetu hupita kila sehemu na kila bendera (alama ya sifa ya sehemu), na kikikuta kitu ambacho mjenzi hana mahali pa kukiweka, kinasimama na kukitaja kwa jina na nafasi yake kwenye faili. Anayetaka kuendelea bila kitu hicho anakiorodhesha mwenyewe kwenye amri. Watumiaji wawili watatu wamelalamika kwamba ni usumbufu, na nimewaongezea njia ya kuorodhesha vingi kwa mpigo. Kuzima ukaguzi wote kwa mara moja sijawapa.