Mkono wa gia uliokuwa ukicheza: kilichoharibika ni bushi

Pikapu yangu ya zamani, ya gia za mkono, ilifika mahali gia ya kwanza unaitafuta kama ufunguo gizani. Mkono ulicheza huku na huku hata ukiwa kwenye gia. Fundi mmoja akaniambia giaboksi imekwisha, ishushwe. Sikuridhika, kwa sababu gia ikishaingia ilikaa vizuri, bila mlio wowote.

Nikavuta hendibreki, nikaweka nyutro, nikafungua kirungu cha gia na mpira wake. Chini kuna kifuniko cha chuma kinachobana springi. Hakina nati: unakikandamiza chini kwa nguvu, unakizungusha kinyume na saa, kinaachia. Mkono ukatoka mzima mzima. Pale kwenye ncha, penye kile kijigololi kinachosukuma gia ndani, bushi, yaani kile kikombe kidogo cha plastiki kinachovalishwa kijigololi ili kisicheze, ilikuwa imebaki kipande chembamba kama ukucha. Kipande kingine nilikiokota kwa koleo ndefu ndani ya tundu, kisha nikaliziba kwa kitambaa safi. Usilipuuze hilo, mchanga ukidondoka humo unaingia kwenye giaboksi.

Dukani nenda na mkono wenyewe, bushi zinafanana mno kwa macho. Niliisukumia mpya mpaka ikakaa, nikapaka grisi, nikarudisha. Kazi ngumu ni kukandamiza springi huku unazungusha kifuniko. Nililala juu yake kwa uzito wangu wote.

Sasa ya kwanza inaingia kwa vidole viwili, na rivasi pia.