Vuli, ule msimu wa majani kupukutika, imeingia, jamani tunapumua

Jana usiku nimezima feni kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, nikalala shuka limefika shingoni, we acha tu! Miezi mitatu nilikuwa nageuza mto kila saa natafuta upande wenye ubaridi, jasho mpaka kwenye kope, na ukifungua dirisha ndo unakaribisha joto jingine la nje.

Sasa leo asubuhi nafungua dirisha hilohilo nakuta jani limeangukia ukingoni, pembeni njano ila kwenye mishipa bado kijani, nikakaa nalo mkononi kama mtoto. Kumbe ile njano haiji mpya, imo humo siku zote ila klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inaifunika, siku zikianza kuwa fupi mti unaacha kutengeneza hiyo klorofili na rangi iliyojificha inatokeza. Nyekundu ndo tofauti, hiyo hutengenezwa vuli hiihii, na inakolea mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyogandisha.

Kaskazini mwa ikweta vuli huhesabiwa kuanzia tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku vikikaribia kulingana, ila kalenda yangu mimi ni feni. Ikizimwa, basi.

Giza kuwahi kuingia silipendi, sidanganyi. Lakini sweta nishalitoa, linanuka kabati balaa, nimelianika hapo dirishani na jani langu liko pembeni yake, limeshaanza kujikunja.