Mwenzako Huiona Baridi Kabla Yako

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili tusome Mhubiri 4:9-12 pamoja na Waebrania 3:13, tukiwafikiria watu wanaotembea vilimani na mashambani wakati wa majira ya baridi, mvua na upepo vikiwa usoni.

Mwili wa binadamu hukaa kwenye nyuzi joto 37 hivi. Joto la ndani likishuka chini ya 35, mtu yuko hatarini, na si lazima pawe na theluji ndipo afike huko. Manyunyu, upepo na nguo zilizolowa vinatosha. Shati la pamba likishanywa maji hung'ang'ania ngozi, na upepo unaopita juu yake unaondoka na joto la mwili. Kwanza mtu hutetemeka, kwa maana misuli inahangaika kutengeneza joto. Halafu vidole vinakufa ganzi. Utamwona anashindana na zipu ya koti lake: anaishika, inamponyoka, anaishika tena, mwishowe analiacha koti wazi kifuani huku mvua inampiga. Anajikwaa pasipo na jiwe. Ulimi unakuwa mzito. Anakuwa mkali bila sababu, au ananyamaza na kuanza kubaki nyuma.

Ukimwuliza, atakwambia yuko sawa. Wala hasemi uongo. Baridi imeshaigusa akili ile ile ambayo ingemjulisha hali yake. Hata kutetemeka kukikoma anaweza kudhani amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa nguvu za kujipasha moto. Wapo waliofikia hatua ya kuvua nguo kwenye baridi kali wakihisi joto. Ndiyo maana wazoefu wa njia hizo hawaridhiki na jibu la mdomoni. Wanamtazama mwenzao anavyotembea na mikono yake inavyofanya kazi.

Hapo ndipo Waebrania 3:13 inaponigusa. Mwandishi anawataka waamini waonyane kila siku, mtu asije akafanywa mgumu na udanganyifu wa dhambi. Hasemi kila mmoja ajipime mwenyewe, inatosha. Anajua kwamba aliyedanganyika hana habari. Moyo unapoa polepole, na mwenye moyo ndiye wa mwisho kupata taarifa. Ndugu anaanza kufika ibada ikiwa katikati na kuondoka kabla ya baraka. Dada aliyekuwa akiomba kwa machozi sasa anaomba kwa mdomo tu. Mtumishi mpole anawaka kwa neno dogo kwenye mazoezi ya kwaya. Tukikutana mlangoni tunaulizana hali, tunajibiwa "salama, namshukuru Mungu", na tunapita. Naamini kabisa kwamba wengi tumewapoteza kwenye jibu hilo.

Na tukishaona, tunafanyaje? Vilimani kundi zima husimama. Anakingwa na upepo, anavuliwa nguo mbichi na kuvikwa kavu, na kama bado ana fahamu za kumeza vizuri anapewa kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe hapewi, maana hufungua mishipa ya damu kwenye ngozi na joto linazidi kutoka. Hapo si mahali pa kumkaripia kwamba angejipanga vizuri zaidi. Yakobo aliliona kosa hili mapema: mtu hana nguo wala chakula, nasi tunamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu (Yakobo 2:15-16). Maombi yetu kwa aliyepoa ni ya lazima, lakini yasiwe njia ya kuagana naye.

Nampenda Paulo katika jambo hili. Baada ya meli kuvunjika, watu 276 walifika Malta wakiwa wamelowa, mvua ikinyesha na baridi ikiwepo. Wenyeji wakawawashia moto, wakawapokea wote. Na mtume mwenyewe, mfungwa aliyetoka baharini muda si mrefu, aliokota mzigo wa kuni akautia motoni (Matendo 28:2-3). Hakungoja kuhudumiwa kwa sababu ya cheo chake, wala hakuona haya kuota moto wa watu asiowajua.

Miaka ikapita. Yumo gerezani, karibu wote wamemwacha, Luka peke yake yuko naye. Katika barua yake kwa Timotheo anaomba joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Kisha anaongeza: ujitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi (2 Timotheo 4:13, 21). Mtu aliyehubiri imani katika mataifa anasema wazi kwamba anahitaji vazi na anahitaji rafiki. Na ombi lake lilikuwa na muda wake. Siku zile baridi ikishaingia, safari za baharini zilikuwa za hatari kubwa na meli nyingi zilikaa bandarini hadi majira yapite. Timotheo angechelewa kidogo tu, ingebidi asubiri miezi.

Ee Bwana, tupe macho ya kumwona anayebaki nyuma, na unyenyekevu wa kukubali mwenzetu anapotuambia kwamba ni sisi tunaopoa. Tuonyeshe leo ni nani anayetusubiri, nasi tuondoke mapema. Amina.