Malengelenge ya kisigino: jinsi nilivyoyamaliza

Mwaka jana nilimaliza mbio za kilomita 10 za hapa Mtwara nikichechemea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Tulianzia Uwanja wa Nangwanda Sijaona, na tulipogeuza Shangani kisigino cha kulia kilikuwa kinawaka moto. Nilipovua kiatu, lengelenge saizi ya korosho limeshapasuka, soksi imeganda.

Nikalaumu viatu, vya mtumba vile. Kumbe nilivionea. Binamu yangu mcheza mpira alizichukua soksi zangu akazikamua kama dekio: "Za pamba hizi, kaka. Zinanyonya jasho halafu haziliachii." Na joto la pwani yetu unalijua, saa 12 asubuhi unatoka jasho umesimama tu. Ngozi ikilowa inalainika, kiatu kikisugua kidogo, kwisha habari.

Nikanunua soksi nyembamba za nailoni. Kabla ya kukimbia napaka mafuta ya mgando kisiginoni na katikati ya vidole, kiasi tu, ukizidisha mguu unateleza. Halafu kamba: nilikuwa siipitishi tundu la mwisho la juu, ndiyo maana kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka. Sasa napitisha. Nilijaribu yote hayo wiki tatu barabara ya Mikindani kabla ya mbio.

Mwaka huu nimetumia dakika 58. Mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni alinipita karibu na mwisho, sawa. Nikavua viatu, nikanunua dafu, nikarudi nyumbani pekupeku kwa hiari yangu.